Aling Atang na Nadhiri ya Subli

Ukiwauliza Wafilipino wa Karama, mtaa wa Darwin kule Australia, habari za Honorata Macatangay, watakwambia ni mkaidi. Hao ndio wanaompenda. Wengine watacheka kwanza, halafu watakuuliza kama bado anacheza ile ngoma yake isiyokwisha, maana hakuna mtu mzima pale mtaani ambaye hajawahi kukalishwa kwenye kiti cha plastiki ndani ya gereji yake, kuanzia saa nane mchana mpaka watoto wakaanza kulilia chakula. Wanamwita Aling Atang. Hilo Aling ni heshima tu, hupewa mama yeyote mtu mzima, hata asiyestahili. Yeye anastahili, na asikudanganye mtu.

Ngoma yenyewe inaitwa subli. Si ile ya kurukaruka katikati ya mianzi, ambayo kila Mzungu wa Darwin ameshaiona kwenye sherehe za shule, akajaribu, akagongwa kifundo cha mguu na kucheka. Subli ni ya Batangas, mkoa mmoja wa Ufilipino, tena ya vijiji vichache tu, na hachezewi mtu. Unachezewa Msalaba. Unasimamishwa mbele na kuvishwa maua. Wanaume wanainama utadhani mgongo umevunjika, huku wakigonganisha vibao vya mianzi. Wanawake wanazungusha viganja polepole. Wazee wanaimba beti za Kitagalogi cha zamani ambacho hata wao hawakielewi chote, na ngoma inapigwa bila kupumzika kwa masaa matatu au zaidi. Wote wanautazama Msalaba. Anayekuja kuangalia anakaa popote atakapopata nafasi na anaona migongo. Hakuna aliyewahi kulalamika, kwa sababu hakuna aliyekaribishwa kuangalia.

Atang alianza kuicheza kwa shida. Mwaka sabini na tisa alikuwa na binti mmoja, Liezl, wa miezi minane, na mtoto akapandwa na homa mpaka degedege. Mumewe Leoncio alikuwa kibaruani Manila. Mvua ilikuwa imelibeba daraja na zahanati ilikuwa ng'ambo. Atang alitembea na mtoto mgongoni hadi mtoni, akayatazama maji, akarudi, na aliporudi akapita kwenye kikanisa cha kijiji ambako Msalaba ulikuwa umesimama. Akaweka nadhiri. Akasema, niachie huyu, nami nitakuchezea subli kila mwezi wa tano mpaka nife. Akamtazama mtoto, macho yalikuwa yamegeuka meupe. Akaongeza: na mimi nikifa, atakuchezea mtoto wa damu yangu.

Degedege likaacha. Wapo watakaosema homa hushuka yenyewe, na kwamba watoto wengi hupata degedege wakapona. Haya, nendeni mkamwambie yeye. Mimi simo.

Lile neno la mwisho, la mtoto wa damu yake, alilitoa kama mwenye duka anavyoongeza konzi ya maharage juu ya kipimo, bila kufikiri, ili mteja asiondoke. Ndilo lililokuja kumkaa kooni uzeeni.

Leoncio alikuja Darwin kuchomelea vyuma mwaka themanini na sita, na mkewe akamfuata miaka miwili baadaye na Liezl mwenye umri wa miaka tisa. Mzigo wake mkubwa ulikuwa ngoma ya baba mkwe, ya mti wa fenesi iliyowambwa ngozi ya kenge. Haikuvuka uwanja wa ndege. Ngozi ya mnyama, mti usiotiwa dawa, haviingii Australia, ndiyo sheria. Kijana wa ukaguzi aliwaeleza kwa adabu zote, na Leoncio, aliyekuwa amekuja kuwapokea, akaitikia kwa kichwa kila sentensi, kisha akaendesha gari mpaka nyumbani bila kumwambia mkewe "karibu". Wiki iliyofuata alikata kipande cha bomba pana la maji machafu, jipya lakini, akaliwamba ngozi ya mbuzi. Ilikuwa inakohoa badala ya kulia. Wakaizoea. Akachonga na Msalaba pia, wa kimo cha mtoto wa miaka kumi, na kuuweka sebuleni.

Walipatikana watu wa Batangas wanane. Kila mwezi wa tano, mvua zikishakwisha na hewa ikianza kuvutika puani, walitoa gari kwenye gereji ya akina Macatangay, wakausimamisha Msalaba pale ndani na kucheza. Siku nyingine zote Atang alisafisha wodi za hospitali, miaka ishirini na minne, na mikono ile iliyokamua matambara ndiyo iliyozungushwa mbele ya Msalaba. Halafu watu wakaanza kupungua. Mmoja alimfuata mwanawe Perth. Wawili waligombana juu ya kiwanja cha urithi huko nyumbani, na kila mmoja akakataa kucheza alipo mwenzake, kwa hiyo tukawakosa wote wawili. Mmoja alipata kiharusi. Wengine walikufa tu, kama watu wanavyokufa, na mwaka elfu mbili na kumi na tano akafa Leoncio. Mwezi wa tano wa mwaka ule Atang alicheza peke yake kwa kanda iliyorekodiwa, mlango wa gereji umefungwa ili majirani wasimwonee huruma.

Utauliza, na yule binti je?

Liezl ni mtoto mwema. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia yaliyofuata humwona shetani. Ni muuguzi, huwahudumia wazee, humletea mama yake dawa zimepangwa kwa siku kwenye kiboksi, na hajawahi kumpandishia sauti. Lakini aliokoka. Alienda kwenye mkutano wa injili na rafiki yake wa kazini, akarudi mlokole, na walokole wake hawachezi na sanamu. Kwao mti ni mti. Atang alimngoja atulie, mwaka wa kwanza, wa pili, kisha akamweleza habari nzima ya mto na daraja na degedege, kwa mara ya kwanza, akiwa amemwandalia kahawa ya Batangas ile chungu anayoipenda. Liezl alisikiliza mpaka mwisho. Machozi yalimtoka.

"Yesu ndiye aliyeniponya, Inay," alimwambia mama yake. "Si mti."

Basi. Mtoto aliyeombewa kwa nadhiri ndiye aliyeikataa nadhiri, tena kwa upole, na upole haugombeki. Atang alikaa na lile jibu miaka kadhaa. Usingizi ulimpungua. Goti lilianza kumsumbua, kisha likamshinda, na daktari akasema limekwisha. Akafanya hesabu ambayo kila mwenye nadhiri huifanya: mimi nikifa, nani?

Alibaki mjukuu, Keziah, binti wa Liezl. Miaka kumi na sita, miguu mirefu, simu mkononi, na Kitagalogi cha kuombea chakula tu. Mama yake akiwa na zamu ya jioni, Keziah alitoka shule akapitia kwa bibi, akachukua mkono wa Lola wake, ndivyo wanavyomwita bibi, na kuugusisha kwenye paji la uso kama desturi, kisha akajitupa kwenye kochi. Siku moja Atang alikuwa jikoni anakaanga tambi, akageuka, akamwona mtoto amesimama katikati ya sebule akizungusha viganja. Anaigiza tu, anamfanyia bibi yake mzaha. Lakini vidole vilifunguka kimoja kimoja kuanzia kidole cha mwisho, na kiganja kikarudi kifuani bila bega kutikisika. Atang aliwahi kumfundisha mtu mzima miezi sita asilipate lile. Tambi ziliungua.

"Rudia," alisema.

Keziah akacheka. Akarudia.

Walianza siku hiyohiyo. Kwa wiki tatu Atang alitembea kama mtu aliyepewa mwili mpya, goti na yote. Halafu Liezl akaingia mapema siku moja, akamkuta mwanawe mbele ya Msalaba amevaa kofia ya bibi yenye riboni, na Atang akipiga lile bomba. Hakuna aliyefoka. Liezl alimtuma Keziah dukani, akakaa, akasema maneno machache ambayo ilionekana ameshayaombea. Hapingi utamaduni. Anataka mtoto ajue kwao. Acheze, hata jukwaani kwenye sherehe ya chama cha Wafilipino mwezi wa tano, na yeye mwenyewe atakuja kumpigia makofi. Lakini asipige magoti, asisali, asifundishwe kuabudu mti. Iwe utamaduni, isiwe ibada. Mama aahidi.

Atang aliahidi haraka, kabla binti hajaongeza sharti lingine.

Sasa mjue kwamba alikuwa na ujanja wake. Aliahidi kwa mdomo, na kwa mdomo alitimiza. Kwa miezi minne hakutamka neno la ibada mbele ya mtoto yule. Hakutaja nadhiri, hakutaja mto wala degedege. Alifundisha mikono, hatua, beti. Ila alifundishia sebuleni, na pale sebuleni Msalaba ulisimama ukutani kwa mbele, na kila siku mtoto alijipanga akiuelekea kwa sababu ndivyo bibi yake alivyomsimamisha. Atang aliwaza kwamba mwili ukishazoea kuelekea mahali utaelekea hukohuko hata mwenye mwili asipoambiwa kwa nini. Siku moja, akiwa mtu mzima, angeuliza mwenyewe. Ndilo lililokuwa tumaini lake zima, na halikuwa tumaini la kijinga.

Mwenyekiti wa chama alikuwa Teodora Villaluz, Ate Dory, yaani dada Dory, kwa wote, mwanamke wa kazi ambaye bila yeye hata hiyo sherehe isingekuwepo. Alipanga subli iwe dakika tano, baina ya ngoma ya mianzi na shindano la kucheza kwa kujipanga mistari. Atang alidai saa moja. Wakakubaliana dakika tano. Beti kumi na nane zikawa mbili. Kisha Dory akaja na wazo kwamba ule Msalaba wa marehemu Leoncio ni mzuri mno kukaa sebuleni, uletwe ukumbini, uwekwe nyuma ya jukwaa na maua na taa ndogondogo, utapendeza kwenye picha. Atang alisema kwa subli Msalaba haukai nyuma, unakaa mbele ya wachezaji. Dory akasema mbele kuna watu.

"Basi watu watuone migongo," Atang alimwambia.

"Aling Atang, nakuheshimu kama mama yangu. Lakini mtu halipi kiingilio aje aone makalio."

Waliokuwepo walicheka, na Atang naye alicheka, maana Dory anajua kuchekesha. Alirudi nyumbani. Angeweza kukataa. Angesema Msalaba hautoki, mtoto hachezi, kwaheri. Aliupitia ule uamuzi usiku kucha na kila mara aliishia palepale: akikataa, Keziah atarudi kwenye simu yake, na hapo hata viganja vitapotea. Akaukubali shingo upande. Alijiambia mtoto atajigeuza mwenyewe. Miezi minne mwili wake umeelekea Msalabani, hautakubali kuupa mgongo.

Siku ya mazoezi ya mwisho ukumbi ulikuwa nusu tupu, feni zinazunguka. Wavulana wa mianzi walikuwa wanabishana pembeni. Liezl alikuja akiwa na sare ya kazini, akakaa mstari wa kwanza, mkoba mapajani. Atang aliketi ubavuni mwa jukwaa na ngoma yake. Keziah akapanda na kofia na vitambaa vyake, akafika katikati, akasimama.

Alitazama nyuma. Pale ulikuwepo Msalaba wa babu yake, umezungushiwa taa za kumetameta. Alitazama mbele, akaona viti. Akageuka nusu kuuelekea Msalaba, miguu yenyewe ilianza, Atang aliiona. Kisha mtoto akasita. Dory alikuwa anampungia karatasi, huku, huku. Keziah akamtazama bibi yake.

"Lola," aliita, "nitazame wapi?"

Ukumbi mzima haukuwa na habari kwamba limeulizwa swali. Wavulana waliendelea kubishana. Lakini Liezl alikuwa amemgeukia mama yake, anamtazama kwa yale macho yake ya upole, anangoja kuona kama ahadi ni ahadi. Atang alijua kwamba akisema Msalaba, binti yake atainuka, atachukua mkoba, na mtoto atashuka jukwaani asipande tena. Alijua vilevile kwamba akisema lile jingine atakuwa amelisema yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, si Dory, si Liezl.

"Tazama watu," alisema.

"Sawa," alisema Keziah, akageuka.

Na siku ya sherehe alicheza vizuri, jamani, nisiseme uongo. Ukumbi ulijaa, nguruwe wa kuokwa alikuwa mezani, watoto wanakimbizana chini ya viti, na alipoanza kuzungusha viganja watu wakanyamaza. Vidole vilifunguka kimoja kimoja. Bega halikutikisika. Atang alipiga ngoma na kuimba beti zile mbili, na kwa mara ya kwanza akauona uso wa Keziah akiwa anacheza. Kila siku sebuleni alikuwa amemwona kutoka nyuma. Mtoto alikuwa anatabasamu, kwa kuwa Dory alimwambia atabasamu, na lilikuwa tabasamu zuri la kweli. Nyuma ya mgongo wake taa zilikuwa zinawaka na kuzimika kwenye Msalaba. Dakika ya tatu watu wakaanza kupiga makofi kufuata mapigo, wakakosea, ngoma ikamezwa. Atang aliendelea kupiga. Liezl alikuwa amesimama, anapiga makofi kuliko wote, anafuta macho.

Baadaye Keziah alikuja na jasho lake, akauchukua mkono wa bibi yake, akaugusisha kwenye paji la uso. Aliuliza kama alipatia.

"Kila kitu," Atang alimjibu. Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomwumiza. Mtoto hakukosea hata hatua moja. Alifanya yote aliyofundishwa, na la mwisho alifundishwa jukwaani.

Wiki ile alikwenda kwa padri. Padri wetu wa wakati huo alikuwa kijana kutoka India, mtu mpole aliyechoka. Akamwambia kwamba nadhiri humfunga aliyeiweka, haiwezi kumfunga mwingine, kwa hiyo sehemu ile ya mtoto wa damu yake haikuwa na nguvu tangu mwanzo, aende kwa amani. Atang alifikiri. Kisha akamwuliza, kama ile sehemu ya pili haikuwa na nguvu, degedege lilikubali kuondoka kwa sehemu ya kwanza peke yake? Padri akasema Mungu hafanyi biashara. Atang akasema yeye hakuuliza habari za Mungu, ameuliza habari za Msalaba wa kwao. Padri aliangalia saa. Kulikuwa na ubatizo.

Ulibaki muda, usidhani haukubaki. Keziah alikaa Darwin mpaka mwezi wa pili mwaka uliofuata, ndipo akaenda Adelaide kuanza chuo. Miezi tisa Atang alikuwa na ulimi kinywani. Mara mbili aliita, "Keziah, ile ngoma," na mara mbili akaishia kusema mambo ya viganja. Aliogopa. Akimweleza mtoto nadhiri, mtoto atamwuliza mama yake, na mama yake atasema mti ni mti, na Keziah, ambaye anampenda mama yake, ataiweka kofia chini ili asimkosee mtu. Bora aicheze kinyume kuliko asiicheze. Hivyo ndivyo alivyojituliza, na hata sasa sijui angefanya nini kingine. Siku ya safari Keziah aliweka kofia na vibao juu kabisa ya nguo ili visivunjike. Alikuwa amerekodi pia bibi yake akipiga ngoma, kwenye simu. Alimkumbatia kwa nguvu, akasema hataisahau subli, anamwahidi. Liezl alikuwa garini anapiga honi kidogokidogo.

Mwezi wa tano mwaka huu Atang hakuweza kusimama. Aliamka na nia, akavaa kitambaa chake cha begani, akaufuta Msalaba vumbi, akaweka maua ya karatasi kwa sababu ya kweli hakuweza kwenda kuyachuma. Goti lilimgomea alipotaka kupiga hatua ya kwanza. Akavuta kiti, akakaa mbele ya Msalaba, akacheza kwa mikono mitupu. Aliimba beti zote alizozikumbuka. Alipofika ya kumi na moja hakuikumbuka ya kumi na mbili, na hakuna mtu mwingine duniani kusini mwa Batangas wa kumpigia simu amkumbushe.

Mchana simu ililia. Keziah amemtumia video, imewekwa mtandaoni, watu elfu mbili wameshaiona. Atang aliifungua akiwa palepale kitini. Ukumbi mpana wa chuo, vijana kumi na wawili, wachache Wafilipino, wengine Wavietnam, Wazungu, msichana mmoja amejifunga ushungi, wote wamevaa kofia za karatasi zenye riboni. Keziah yuko mbele anawafundisha. Ameiva, sauti imekuwa ya mwalimu. Aliinua viganja, akawaonyesha kidole cha mwisho kwanza, na wale watoto wa watu wakafuata, vibaya lakini kwa bidii. Machozi yalimlenga Atang. Aliongeza sauti ya simu kama viziwi wafanyavyo.

"Na jambo kubwa kuliko yote," Keziah alikuwa anawaambia wenzake, "hili alinifundisha Lola wangu mwenyewe. Usimpe mtu mgongo. Kwenye subli, siku zote, tazama watu."

Kisha ngoma ikaanza. Atang aliijua. Ilikuwa ngoma yake mwenyewe, lile bomba la Leoncio, ikikohoa kutoka Adelaide. Wale kumi na wawili na Keziah wao wakaigeukia kamera, wakatabasamu.

Alisimamisha video. Halafu akajinyoosha kutoka kitini kadiri goti lilivyoruhusu, akaiegemeza ile simu kwenye kikombe cha kahawa, kwenye kijimeza kilichokuwa baina yake na Msalaba, akaigeuza. Kioo kiuelekee Msalaba. Akabonyeza kwa kidole, akarudi nyuma kwenye kiti. Kutoka pale hakuona kitu isipokuwa mgongo wa simu, na kifuniko chake chenye picha ya paka, alichokinunua Keziah. Lakini mle ndani, watoto kumi na watatu walikuwa wanatazama mbele, na mbele yao palikuwa na Msalaba. Aliinua viganja akacheza nao kwa nyuma.

Subli ya kwao huchukua masaa matatu. Hii ilichukua dakika nne na nusu. Ngoma ikakatika, makofi yakasikika kidogo, halafu simu yenyewe ikafungua video nyingine bila kuombwa, ya mwanamume mwenye sauti kubwa anayeuza vikaango visivyogandisha chakula. Atang alitaka kuinuka aizime. Goti lilikuwa limekaza, Liezl hatoki zamu mpaka saa kumi na mbili. Akashusha mikono mapajani, na Msalaba ukaendelea kumtazama yule mtu akikaanga samaki.